Upande wa Pili

Anayesema "chenji yako hii hapa" katikati ya wimbo wa tatu
ni mimi.
Jina langu halimo kwenye karatasi ya kanda.
Wamo Ndahani, gitaa na sauti,
Mbijima, gitaa zito,
Elikana Chiduo, ngoma,
na Isuja wa Kondoa, kinanda,
kile kinanda chenye vitufe viwili vilivyokufa,
aliviruka kama unavyoruka mtaro wa kwenu usiku,
bila kutazama.

Kibaigwa, mwaka ule wa mahindi mengi.
Jumatatu tulifunga baa, tukarekodi stoo,
lumbesa zimepangwa ukutani hadi darini,
kwa kuwa fundi alisema mahindi hunywa mwangwi.
Yaliunywa kweli. Weka kanda usikilize:
neno likitoka halirudi.

Dereva wa semi akagonga dirisha,
anataka bia mbili, za moto, anaondoka sasa hivi.
Nikampa. Nikamhesabia.
Fundi akasema turudie, Ndahani akakataa:
"Mwache. Huyo ndiye mteja wetu."

Halafu umeme ukakatika.
Jenereta ikawashwa uani, ikashika sauti yake moja, mmmm,
na Mbijima, badala ya kutukana kama sisi wengine,
akalegeza nyuzi polepole
mpaka zikakutana nayo.
Ndiyo maana upande wa pili wote uko chini kidogo,
kama mtu aliyekaa kwenye kigoda
anaongea na watu waliosimama.

Watu waliuliza, muziki gani huu?
Si dansi, miguu haijui ianzie wapi.
Si wa kanisani, ingawa Elikana alijifunzia ngoma huko.
Ndahani aliuokota kwenye kanda za madereva,
bluzi, roki, maneno asiyoyaelewa hata moja,
ila pale gitaa linapovutwa uzi mpaka linataka kulia
aliniambia alipajua:
babu yake, Mvumi, alilifanyia zeze vivyo hivyo
mwaka ng'ombe walipokwisha.

Kuna "Mizani". Kuna "Gunia la Juu".
Kuna "Daftari", na hilo daftari ni langu,
la madeni, jalada jekundu, limekula mafuta ya chipsi.
Anaimba, niandikie, mama, niandikie tena,
na wanaume kaunta walicheka wakinitazama
nami nikafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Tulitoa kanda mia mbili.
Zikauzwa sitini na tatu,
nyingi kwa watu wa Burundi waliolala barabarani
wakisubiri springi.
Huenda upo mji kule unaotujua. Sijui.

Zilizobaki alizichukua mama yake Mbijima.
Mwezi wa tano kwelea kwelea walishuka kama moshi,
naye akazivunja moja moja kwa jiwe,
akautoa utepe, akaufunga mti kwa mti
juu ya uwele wake wote.
Nilikwenda kumdai Mbijima, nikaukuta upepo shambani
ukiupitia ule utepe,
unalia, unanyamaza, unalia,
na ndege wamejaa shamba la jirani.
Mama akasema, "Kazi yao imefaa."
Hakuwa anatania. Alivuna magunia tisa.

Elikana sasa ana bajaji.
Isuja alirudi kwao.
Ndahani alipanda lori la chumvi kwenda Manyoni,
alisema siku tatu.

Ninayo moja. Redio yangu huitafuna,
mara nyingi pale pale, kwenye "Daftari",
nami huutoa utepe taratibu kwa kucha,
naunyoosha kwenye paja,
nauzungusha kwa kalamu, ile ile
niliyomwandikia: Ndahani, elfu kumi na moja na mia nne.
Sijamkata.
Wino umebaki kidogo, lakini kwa kuzungushia
hauhitajiki wino.